Jibu: Kokpiti giza usiku, ninunue monita gani?

Usinunue! Funga hiyo M-Pesa, mwambie jamaa wa duka utampigia baadaye, halafu usome hapa.

Kwa waliochelewa kuingia: ndugu yetu wa Nakuru anarusha Cessna 172, ile ndege ndogo yenye skrini za G1000, kwenye Microsoft Flight Simulator, mchezo wa kompyuta wa kurusha ndege. Usiku anaona skrini mbili kubwa, lakini swichi haoni hata moja. Ameshapandisha gama, ile mipangilio ya mwangaza wa skrini, hadi mwisho na bado, sasa kuna mtu amemshauri anunue monita mpya. Mimi nilipofika kwenye neno monita damu ikanipanda.

Maana monita hiyo ninayo. Naitumia kuandika haya. Sh 38,000, na pesa zenyewe zilikuwa za mabati ya jikoni kwa mama, Vihiga. Mvua ikinyesha kule mama hupiga simu. Paa halitaji kamwe, ananiuliza tu kama ndege yangu inaendelea vizuri.

Nilimsikiliza jamaa mmoja wa YouTube, wale wa kukaa na taa za zambarau mgongoni, akatangaza bila aibu kwamba giza la kokpiti ni "ugonjwa wa skrini za bei ya chini". Kijana wa duka moja hapa Kisumu akaitikia amina, na kebo akanipa bure, nikajiona mjanja. Kati ya hao wawili hakuna aliyeniuliza swali la sekunde tatu: nobu za taa umezizungusha? Watu wanauza dawa bila kupima homa! Nikafunga monita mpya, nikajiweka uwanja wa Kisumu, saa mbili usiku. Giza lilelile, ila sasa lilikuwa giza la inchi 27.

Shida iko hapa. Ukianza ndege ikiwa imezimwa kabisa, nobu za taa zinaweza kuwa zimefungwa hadi sifuri, na ukiwasha betri hazijiinui zenyewe. Hiyo ni kazi ya rubani. Kwenye 172 ya G1000 utazipata chini ya dashibodi, karibu na goti. STBY IND ni ya zile geji za akiba. AVIONICS ni ya skrini na redio. PEDESTAL inamulika pale chini kwenye swichi ya mafuta na gurudumu la trimu. SW/CB PANELS ndiyo ya swichi na fyuzi, na ndugu yangu, hiyo ndiyo monita yako mpya. Kwenye ndege halisi, AVIONICS ukiifunga kabisa skrini hazizimiki, hujipima zenyewe kwa kihisi cha mwanga. Ndipo watu wanapodanganyika: skrini zinawaka, mtu anadhani taa zote ziko sawa, kumbe nobu nyingine zimelala.

Hiyo gama irudishe ilipokuwa. Gama haiwashi taa yoyote, inachukua weusi wote na kuufanya kijivu: ndani, nje, anga, ziwa, lami. Nyekundu za PAPI, zile taa za kando ya njia ya kutua zinazokuonyesha kama uko juu au chini, nazo zinapauka. Sasa fikiria umezisoma nyekundu kama nyeupe. Nyeupe maana yake uko juu, kwa hivyo unashuka, na wewe tayari ulikuwa chini.

Halafu kuna ujinga wangu wa pili, ambao mabati hayakuhusika lakini uliniuma karibu vilevile. Siku niliyozipata nobu nilizifungua zote hadi mwisho kwa hasira, na taa ya dari juu yake. Nilikuwa nimelipa, nilitaka kuona! Mchezo huu unaiga jicho la mtu, ndani kukiwa kweupe sana nje kunazama. Nami nilikuwa nakuja kutua njia ya kutulia namba 06 ya Kisumu, ile unayoiendea ukitokea juu ya Ghuba ya Winam. Hapa Usoma, ukisimama ufuoni usiku wa kweli, utaona taa za wavuvi wa omena zimejipanga majini. Ziwa la mchezoni nililokuwa naruka juu yake halikuwa na hata karabai moja. Marubani halisi wanaiogopa sana hali hii: taa za uwanja mbele, weusi mtupu katikati, jicho linakwambia uko juu na mkono unashusha ndege. Uwanja wa Kisumu uko karibu futi 3,800 juu ya usawa wa bahari na ziwa lenyewe kama futi 3,700, kwa hivyo altimeta, ile geji ya kimo, ikisoma 3,700 pale umeshalowa. Mimi sikuwa nasoma altimeta, nilikuwa nafurahia swichi zangu zinavyong'aa. Ngege, samaki wa ziwani, wakanipokea.

Kwa hiyo: sifuri kwanza, ndipo upandishe. Funga nobu zote. Fungua moja, polepole, mpaka maandishi yasomeke kwa shida kidogo, na hapo hapo uache. Nenda kwa inayofuata. Ukimaliza tazama nje, na kama taa za njia zimefifia, rudisha zote nyuma kidogo. Taa ya dari ni ya kutafutia kalamu ukiwa umeegesha, usitue nayo. Na usingoje giza likukute. Sisi tuko ikweta, jua likishazama ni kama dakika 20 tu mwanga umekwisha, si yale machweo marefu ya Ulaya ambayo mabwana wa YouTube wanayarekodi wakinywa kahawa. Zima na balbu ya sebuleni pia, kwa sababu jicho huchukua karibu nusu saa kuzoea giza, na kila mtu akija kutafuta chaja anakurudisha mwanzo.

Ukihamia Airbus A320 sheria ni hiyohiyo, nobu tu ndizo nyingi zaidi. INTEG LT inawasha maandishi ya paneli, FLOOD LT inamwaga mwanga juu yake, na ANN LT ukiiweka DIM vile vitaa vya vitufe vinaacha kukuchoma macho. Kuna mtego mmoja: nobu ya PFD, skrini kuu ya rubani, ukiifunga kabisa, picha yake inahamia skrini ya pembeni iliyokuwa na ramani. Hapo hakuna kilichoharibika. Usiite fundi, na tafadhali usinunue kitu.

Kwa leo weka mchezo saa 12 na nusu jioni, Kisumu au hata Eldoret, ndege imezimwa. Washa betri, bonyeza ALT na L upate tochi, utaihitaji kutafutia nobu. Ukiweka pointa juu ya nobu mara nyingi utaonyeshwa asilimia. Andika hapa SW/CB umeiacha kwenye ngapi, tena uandike kabla huyo jamaa wa duka hajakupigia.