Herufi za Kichina huchapwaje?

SWALI: Mhariri, nimeanza kujifunza Kichina. Ikiwa lugha hiyo ina maelfu ya herufi, Wachina huzichapaje kwa kibodi ya kawaida? Msomaji, Dodoma.

JIBU: Kibodi yao ni kama hii yetu ya herufi za Kilatini, ila programu ndiyo inayogeuza kile kinachobonyezwa kuwa herufi za Kichina. Walio wengi katika China bara hutumia pinyin, mtindo wa kuandika matamshi kwa herufi za Kilatini uliopitishwa rasmi mwaka 1958: mtu huchapa sauti, kisha huchagua herufi anayoitaka katika orodha inayojitokeza. Ugumu ni kwamba silabi moja kama “shi” ina herufi nyingi mno, na kwa hiyo nakushauri uchape neno zima au hata sentensi, maana programu hukisia vizuri zaidi inapoona maneno ya jirani.

Njia nyingine hufuata umbo badala ya sauti. Katika Cangjie, iliyobuniwa na Chu Bong-Foo wa Taiwan mwaka 1976, herufi 明, yenye maana ya mwangaza, hupatikana kwa kubonyeza A, kitufe cha jua, kisha B, kitufe cha mwezi. Uzuri wa mpango huo hunigusa kila mara. Wubi ya Wang Yongmin, ya mwaka 1983, haizidi vitufe vinne kwa herufi, lakini hudai mazoezi marefu.

Wewe anza na pinyin, huku ukiendelea kuandika kwa mkono, kwa kuwa anayechagua tu kwenye orodha husahau upesi namna herufi inavyochorwa.