Kwa nini Mirihi ni baridi ilhali hewa yake ni kabonidioksaidi asilimia 95?

Asilimia inakupoteza hapo, ndugu. Inakuambia mchanganyiko tu, haikuambii hewa ni nyingi kiasi gani. Chukua mgandamizo wa hewa, gawanya kwa mvutano wa sayari: Mirihi ni kama paskali 610 kwa 3.7, unapata kilo 165 hivi za hewa juu ya kila mita ya mraba. Duniani ni paskali 101,325 kwa 9.8, yaani zaidi ya kilo 10,000.

Sasa utauliza (na ni swali zuri): katika hizo 165, kabonidioksaidi si bado ni zaidi ya kilo 150, wakati kwetu haifiki hata 10? Kweli. Ila gesi hii hunasa miale ya joto kwenye mikanda fulani tu ya mawimbi. Kwenye hewa nzito molekuli hugongana mara kwa mara, na kugongana huko hupanua mikanda hiyo. Mirihi hewa ni nyepesi mno, mikanda inabaki myembamba na joto linapenya katikati kwenda angani. Tena hakuna mvuke wa maji wa maana wa kuziba mianya, na huo ndio unaofanya kazi kubwa hapa kwetu.

Matokeo yake, gesi zinaongeza nyuzi chache tu Mirihi. Duniani ni takriban 33. Jua nalo huko hufika kwa asilimia 43 tu ya linalotufikia sisi.

Zuhura ina gesi hiyohiyo, asilimia 96, lakini mgandamizo ni mara 90 ya wetu. Uso wake una nyuzi 460 hivi za Selsiasi.