Trauti anamfuata nzi, kisha anageuka

SWALI: Ndugu Mhariri, navua trauti kwa nzi wa bandia (ndoana iliyovikwa manyoya ifanane na mdudu) katika Mto Thiba, chini ya Mlima Kenya. Tangu mvua za masika zipungue, samaki huinuka hadi kwa nzi kisha hugeuka. Je, nibadilishe nzi?
Msomaji, Embu

JIBU: Usimbadilishe bado. Mtazame anavyoelea: akiacha nyuma yake mkunjo wa maji wenye umbo la V, basi anaburutwa na mshipi, na trauti huliona hilo upesi. Maji ya katikati hukimbia kuliko ya kando, kwa hiyo huutangulia mshipi na kuuvuta. Mara tu mshipi unapotua majini, inua ncha ya ufito na uulaze upande wa juu wa mkondo, bila kumtikisa nzi. Simama nyuma ya samaki, kwani huelekeza kichwa mkondo unakotoka.

Maji yakitakata, uzi mnene huonekana. Kipande cha mwisho cha uzi, kinachomshika nzi, kiwe na unene wa milimita 0.15 na urefu wa sentimita 60 hivi, na ndoana namba 14 au 16. Fundo liloweshe kwa mate kabla ya kulikaza. Likikazwa kavu, uzi huungua kwa msuguano na kukatikia hapo hapo. Trauti akikataa bado, jaribu nzi wa kuzama.