Maswali kwa wakili: "Au" moja katika shtaka la mwanangu

Barua za safari hii zinatofautiana, lakini karibu kila mmoja analalamika vilevile: nilichofanya ni hiki, shtaka linasema kile. Vifungu ninavyotaja ni vya Kanuni za Adhabu za Kenya, Sura ya 63, isipokuwa nikisema vingine. Sheria yenyewe imeandikwa kwa Kiingereza. Kiswahili hiki ni changu.

Mwanangu ni mwendesha boda boda. Alimpakia rafiki yake, huyo rafiki akampokonya mama mmoja simu njiani, wakatoroka. Hakuna aliyekuwa na kisu wala bunduki. Wote wawili wameshtakiwa kwa wizi wa mabavu, kifungu cha 296(2), na naambiwa adhabu yake ni kifo. Inakuwaje? (Mama, Kisauni)

Pole sana, mama. Kisu si lazima. Kifungu hicho kinataja hali tatu: mwizi awe na silaha ya hatari, au awe na mwenzake mmoja au zaidi, au awe amempiga, kumjeruhi au kumtendea mtu mabavu wakati wa wizi, punde kabla yake au punde baada yake. Hali hizo zimeungwa kwa "au", si kwa "na". Mahakama ya Rufaa ilisema hivyo katika kesi ya Oluoch mwaka 1985 na ikarudia katika ya Dima Denge Dima mwaka 2013: moja ikithibitishwa, yatosha. Watu wawili juu ya pikipiki wameshaingia kwenye hali ya pili.

Ila wengi wetu, mawakili tukiwemo, tunakimbilia 296 tukaruka 295, na hapo ndipo kesi nyingi hupotea. Kifungu cha 295 ndicho kinachosema wizi wa mabavu ni nini: ni kuiba, pamoja na kutumia mabavu au kuyatishia, ili kukipata kitu, kubaki nacho, au kumshinda anayekataa kukiachilia. Pasipo hayo, hata wangekuwa kumi, 296(2) haina pa kusimama. Simu iliyochopolewa mkononi kabla mwenyewe hajashtuka inaweza kuwa wizi wa kitu kutoka mwilini mwa mtu, kifungu cha 279(a), ambacho kifungo chake hakizidi miaka 14. Kati ya hilo na kifo kuna umbali mkubwa, na umbali huo wote unategemea alivyoandikisha mlalamishi kituoni. Alisukumwa? Alivutana nao? Alianguka? Kuna fomu ya P3, ile anayojaza daktari kueleza majeraha? Kama P3 inasema bega limeteguka, sitakudanganya, hoja hii inadhoofika sana. Kama inasema hana jeraha, au haipo kabisa, wakili wenu ashike hapo asiachie. Kifungu cha 179 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kinamruhusu hakimu kumtia mtu hatiani kwa kosa dogo lililothibitishwa badala ya kubwa lililoshindikana.

Bado kuna la mwanao mwenyewe. Kifungu cha 21 humfunga mtu kwa kosa la mwenzake pale tu walipokuwa na nia moja ya kufanya uovu. Kuendesha pikipiki peke yake si nia. Alipunguza mwendo alipomkaribia yule mama? Alirudi nyuma? Simu ilipouzwa alipata mgao? Na kama yule rafiki alimlipa nauli kwa M-Pesa kabla ya tukio, taarifa hiyo itafutwe leo, maana ina uzito kuliko majirani watatu watakaokuja kusema kijana ana adabu.

Kuhusu kifo: mwaka 2017, katika kesi ya Muruatetu, Mahakama ya Juu iliondoa ulazima wa hukumu ya kifo kwa mauaji, na mwaka 2021 ikafafanua kuwa uamuzi ule uliwahusu wenye kesi za mauaji tu; wizi wa mabavu haumo. Serikali haijamnyonga mtu tangu 1987. Lakini usimwache mtoto akae akitegemea hilo.

Mimi ni keshia. Ijumaa nilichukua shilingi 15,000 kwenye droo, nia yangu nizirudishe Jumatatu mshahara ukiingia. Tajiri akahesabu Jumamosi. Mkopo nao ni wizi?

Kwa pesa, ndiyo. Kifungu cha 268 kimekuona kutoka mbali: kuchukua pesa kwa nia ya kuzitumia upendavyo ni nia ya wizi, hata kama ulikusudia kuzilipa baadaye. Na kwa kuwa umeajiriwa, kifungu kitakachokuandama ni 281, hadi miaka 7. Nafasi iliyobaki ni kifungu cha 8, kinachomlinda aliyeamini kwa dhati kwamba ana haki ya kuchukua, asiwe na nia ya kulaghai. Je, pale dukani mna mazoea ya kuchukua advansi na kuandika kwenye daftari? Uliandika? Kama hukuandika, tafuta wakili wa kuzungumza na tajiri kabla faili halijafika kortini.

Jamaa alichukua shilingi 120,000 zangu akaahidi kunitafutia kazi Qatar. Mwaka umepita. Polisi wanasema hilo ni deni, nimshtaki kwa kesi ya madai. Wananizungusha?

Huenda wako sawa, huenda hawajakusikiliza vizuri. Kupata pesa kwa ulaghai, kifungu cha 313, kunategemea maana iliyo katika 312: uongo uwe kuhusu jambo lililopita au lililopo, na msemaji ajue ni uongo au asiamini kuwa ni kweli. Ya kesho hayamo. Katika kesi ya Oware mwaka 1989, Mahakama ya Rufaa ilishikilia kwamba maneno kuhusu jambo la baadaye hayawezi kubeba shtaka hili. Kwa hiyo "nitakutafutia kazi" ni ahadi, na ahadi iliyovunjwa ni ya madai. Lakini "nina ofisi iliyosajiliwa", "visa yako imeshatoka", "nafasi tatu za udereva ziko wazi" ni maneno ya leo, na ukweli wake unaweza kuchunguzwa.

Fungua WhatsApp usome upya, ukiangalia tarehe kuliko maneno. Uongo unaohesabika ni ule uliokufanya utoe pesa. Aliyokuambia baada ya kuzipokea, hata yawe ya aibu namna gani, hayakukutoa pesa mfukoni. Kisha ulizia Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira kama wakala huyo amesajiliwa. Rudi kituoni na nakala za WhatsApp na jibu la Mamlaka, si na hasira. (Jamaa huyo akija ofisini kwangu kabla yako, nitasema kila neno lake lilikuwa la kesho.)

Wakili, shikamoo. Mimi ni mwanagenzi, nimepewa faili la kwanza la kumjeruhi mtu. Nianzie kwa kifungu au kwa maelezo ya mteja?

Marahaba. Anzia hati ya mashtaka. Ukianza na mteja utampenda, na ukishampenda utasoma kifungu kwa macho yake. Chora safu tatu: maneno ya kifungu moja moja, shahidi anayeligusa kila neno, na pengo. Fanya kazi kwenye pengo.

Kama shtaka ni 234, la madhara makubwa ambalo adhabu yake hufika maisha, usikisome bila kifungu cha 4 kinachoeleza madhara makubwa ni yapi. Daktari ameweka alama kwenye P3, sawa, lakini alama yake si sheria. Linganisha jeraha alilolieleza na maneno ya kifungu cha 4. Nimeona mkwaruzo ukiitwa madhara makubwa. Pengine kesi yako ni ya 251, shambulio la kusababisha madhara ya kawaida mwilini, yenye kikomo cha miaka 5.

Nilitumiwa M-Pesa ya 3,500 kimakosa nikaitumia. Mwenyewe ananitishia jela. Anaweza?

Anaweza. Kifungu cha 35 cha sheria ya 2018 ya uhalifu wa mitandao kinamshika anayezuia kwa makusudi malipo yaliyomfikia kimakosa: faini hadi shilingi 200,000, kifungo hadi miaka 2, au vyote viwili. Neno la kupigania ni "kwa makusudi". Kama ulizitumia hujatambua si zako, una la kusema. Tangu alipokupigia, unajua. Mrudishie. Ila usizitume kwa nambari nyingine atakayokutajia kwenye simu, maana matapeli nao hupiga. Mwambie aanzishe urejeshaji kwa Safaricom kupitia nambari 456, nawe uwe na salio la kukatwa.