Mabaka kwenye meno ya mbele: je, ni lazima yachongwe?

SWALI: Binti yangu ana miaka 13. Meno yake mawili ya mbele yaliota yakiwa na mabaka meupe, na moja lina doa la kahawia, hata siku hizi hucheka akiwa ameziba mdomo. Tumeshauriwa yachongwe na kufunikwa kwa kauri. Je, hakuna njia nyingine?

JIBU: Ipo, mama, na ndiyo ningeitanguliza. Kiini cha jino changa, penye neva na mishipa ya damu, bado ni kipana, na fizi za umri huo hazijatulia mahali pake. Isitoshe, enameli, yaani tabaka gumu la nje ya jino, ikichongwa hairudi, na kifuniko cha kauri huhitaji kubadilishwa baada ya miaka kadhaa.

Baka jeupe si uchafu, kwa hiyo kulisugua kwa mswaki ni kuziumiza fizi bure. Ni sehemu ya enameli iliyopungukiwa madini, yenye vitundu vidogo mno vinavyoshika maji au hewa. Kipimo cha kupinda kwa mwanga katika enameli ni takriban 1.62, katika maji 1.33 na katika hewa 1.0, na tofauti hiyo ndiyo hutawanya mwanga tukaona weupe, ambao huzidi jino linapokauka. Tiba ya kupenyeza rezini, aina ya plastiki ya majimaji inayogandishwa, huipunguza tofauti hiyo: daktari hukinga fizi kwa mpira, hupaka jeli ya asidi ya hidrokloriki ya asilimia 15 kwa dakika 2, huosha, hukausha kwa ethanoli, kisha huiacha rezini nyepesi, yenye kipimo cha karibu 1.52, inywewe na vitundu kabla ya kuigandisha kwa mwanga. Kwa kawaida haihitajiki sindano ya ganzi.

Doa la kahawia ni kaidi zaidi. Huenda likahitaji kwanza kung'arishwa kwa peroksidi chini ya uangalizi wa daktari, au kukwanguliwa juu juu kwa asidi iliyochanganywa na unga wa kusugulia. Baka likiwa la kina kirefu, tarajia lififie, si lifutike.

Kabla ya yote, mwombe daktari atambue chanzo, iwe ni floraidi iliyozidi utotoni, jino la utoto lililogongwa, au enameli iliyoumbika vibaya. Ayatazame pia magego yaliyoota binti akiwa na miaka 6 hivi, kwa kuwa hitilafu hiyo ya mwisho mara nyingi huyashika pamoja na meno ya mbele, na gego lenye enameli dhaifu humeguka na kuoza upesi; hilo ndilo lisilosubiri.