Elfu hamsini kwa kila mtoto? Ihesabu Krismasi kuanzia Februari

Mama mmoja wa Walukuba, Jinja, ameniandikia wiki hii. Ana watoto wanne, wa miaka 11, 8, 5 na 2. Baba ni wa mshahara, yeye ana kibanda cha biashara, na sikukuu wanakwenda Mbale kwa bibi. Swali lake lilikuwa fupi: "Ndugu, nimepanga zawadi za 50,000 kwa kila mtoto, mbali na nguo. Nimebana au nimezidisha?"

Umezidisha, dada. Kosa limejificha kwenye yale maneno matatu, "mbali na nguo".

Kwetu Uganda nguo mpya ndiyo zawadi ya Krismasi. Mtoto hujua sikukuu imefika kwa gauni ambalo halijafuliwa hata mara moja, nyama kwenye sahani na soda ya peke yake, asiyogawana na mtu. Zawadi ya kufungwa kwa karatasi inayong'aa ni mgeni wa supamaketi, na mgeni huyu hakuja kuchukua nafasi ya nguo, amekuja kukaa juu yake. Matokeo yake mzazi analipia Krismasi moja mara mbili, kisha Februari anakwenda kumbembeleza mwalimu mkuu. Amua nyumbani kwako kwamba nguo ni zawadi. Kitu cha kuchezea kikiwepo, kitoke kwenye fungu lile lile.

Halafu kuna kalenda, ambayo haina huruma na mtu. Waajiri wengi hutoa mshahara wa Desemba mapema, tuseme tarehe 20. Wa Januari hutoka tarehe 31. Zihesabu siku hizo: ni 42, yaani wiki sita kamili za kula kwa mshahara wa mwezi mmoja. Ukimaliza hizo, shule zinafungua muhula wa kwanza, karo inadaiwa, na pamoja nayo ile orodha ya mahitaji yenye rimu za karatasi, mifagio, sabuni na karatasi za chooni. Mwenye mtoto aliyefanya PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, anajua kwamba godoro na sanduku la bweni navyo viko njiani.

Kwa hiyo fedha ya zawadi haipangwi kwanza. Hutafutwa mwisho, baada ya vyote vingine kuchukua chao. Mama wa Walukuba alinipa hesabu zake, nami nimezizungusha kidogo zisimtambulishe. Mshahara na faida ya kibanda ni 1,100,000. Mgao wa kikundi cha akiba ni 460,000. Jumla 1,560,000, na ukiziona zote pamoja unajihisi tajiri. Ngoja tuanze kutoa.

Karo ya watoto watatu, 180,000 kila mmoja, ni 540,000. Nusu itatoka mshahara wa Januari, nusu itengwe sasa: 270,000. Mahitaji ya shule, 50,000 kila mtoto: 150,000. Kodi ya nyumba ya Januari: 200,000. Chakula cha nyumbani, 60,000 kwa wiki mara sita: 360,000. Nauli ya Mbale inataka uangalifu. Wale wawili wadogo watapakatwa, kwa hiyo ni viti vinne. Kwa kuwa nauli hupanda wiki ya Krismasi, weka 30,000 kwa kiti kwenda na 20,000 kurudi, yaani 200,000. Nyama, mchele, soda na sukari ya bibi: 150,000. Yote hayo ni 1,330,000. Zimebaki 230,000.

Usizikimbilie. Toa 50,000 za ugonjwa, maana malaria haiendi likizo, na mtoto akipata homa kijijini tarehe 26 boda peke yake hadi kliniki ni fedha. Toa 20,000 za watoto wa ndugu, nitaeleza sababu. Zimebaki 160,000 kwa watoto wanne, wastani wa 40,000 kila mmoja, nguo na viatu vikiwemo.

Hilo ndilo jibu la nyumba hiyo. Nyumba yako itatoa namba nyingine, pengine 15,000, pengine 120,000. Ila ukizitoa kwa mpangilio huu ukapata sifuri, sifuri ndiyo jibu, na usiikwepe kwa mkopo. Kopa 300,000 tarehe 15 Desemba kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, uimalize katikati ya Machi: umelipa 90,000 za riba. Hizo ni zawadi za watoto wawili, umempa mkopeshaji.

Sasa mgao. Wazazi wengi hugawa fedha sawasawa wakidhani huko ndiko kutenda haki. Mtoto hajui bei. Anachohesabu ni vitu: mwenzangu kapata vitatu, mimi viwili. Kwa hiyo sawazisha idadi, bei iachie umri. Kila mmoja apate nguo moja, viatu na kitu kimoja kidogo. Wa miaka 2 umtengee 25,000, wa 5 apate 35,000, wa 8 apate 45,000, na wa 11 apate 55,000 kwa sababu mguu wake unakaribia wa mtu mzima na bei yake pia. Jumla ni 160,000 zile zile.

Kwenye viatu ndiko fedha nyingi hupotelea, basi tukae hapo kidogo. Usiende sokoni na "anavaa namba kama 30 hivi". Jioni, mguu ukiwa umeshatanuka kwa kutwa nzima, msimamishe mtoto juu ya karatasi, kalamu iwe wima, uchore mguu wote. Chora miguu yote miwili, kwa kuwa mara nyingi mmoja ni mkubwa kuliko mwenzake, kisha ukate ule mkubwa. Pima kutoka kisigino hadi ncha ya kidole kirefu. Ongeza sentimita moja na nusu, zidisha kwa moja na nusu, na hiyo ndiyo namba ya Ulaya iliyoandikwa kwenye soli. Mguu wa sentimita 18 unakuwa 19.5, mara 1.5 ni 29 na kidogo, chukua 30. Mguu wa mtoto wa shule ya msingi huongezeka karibu sentimita moja kwa mwaka, kwa hiyo kiatu cha kumbana leo utakinunua tena Mei. Na cha kuzidi namba tatu, kwamba "atakikulia", kitamwangusha na kitakwisha kisigino kabla hajakikulia.

Dukani tumbukiza ile karatasi ndani ya kiatu. Ikijikunja mbele, kiatu ni kidogo, mchuuzi aape asiape. Kisha kunja soli na uikwaruze kwa ukucha pembeni. Soli nyepesi ya sponji iliyokaa stoo miaka huoza kwa unyevu ingawa kwa macho inang'aa. Ikitoa unga au vipande kama makombo ya keki, irudishe pale pale. Kiatu cha namna hiyo huachama njiani kutoka kanisani, na mtoto hurudi nyumbani ameshika soli mkononi.

Na kama shule yenu inadai viatu vyeusi, viatu vya Krismasi viwe vyeusi. Wa miaka 11 atanuna siku mbili. Lakini umefuta kitu kizima kwenye orodha ya Februari, na kiwi ya 3,000 itavirudisha upya.

Nguo za mivumba, yaani mitumba, ni halali kabisa kwa Krismasi, na mara nyingi kitambaa chake hushinda cha gauni jipya la bei ile ile. Fika asubuhi belo linapofunguliwa, maana saa nane mchana umebakiziwa makapi. Iinue nguo juani, matundu yatajionyesha yenyewe. Tazama kwapani, kwenye kola na zipu, na uvute mshono wa makalio ya suruali kwa vidole viwili. Kama mtoto hukuja naye, chukua uzi, funga fundo kwenye urefu wa bega hadi goti, fundo lingine kwenye kiuno, utembee nao mfukoni. Nyumbani fua kwa maji ya moto, upige pasi ndani na nje.

Je, mama wa Walukuba asafiri hadi Owino, yaani soko la St. Balikuddembe, Kampala? Kutoka Jinja ni kilomita zipatazo 80. Ukijumlisha nauli ya kwenda na kurudi, chakula cha mchana na boda ya kubebea mzigo, safari imekula zawadi ya mtoto mmoja kabla hujagusa nguo. Kwa bajeti ya 160,000 hailipi. Inalipa pale majirani watano wakimtuma mmoja mwenye jicho, na nyuzi zenye mafundo za watoto wote, kila uzi na jina lake. Huyo apitie na Kikuubo, mtaa wa maduka ya jumla huko huko Kampala, achukue peremende na biskuti kwa boksi, bei ya jumla.

Siku za kununua ni kati ya katikati ya Novemba na tarehe 10 Desemba. Baada ya hapo unapatana bei na mtu ambaye nyuma yako amesimama mteja mwingine mwenye haraka kuliko wewe. Fedha ikiwa kwenye simu, kumbuka kodi ya kutoa ni asilimia 0.5: kwenye 500,000 ni 2,500, bado ada. Toa mara moja badala ya vipande kumi, au lipa duka moja kwa moja kwa simu, kwani kodi hiyo ni ya kutoa fedha taslimu.

Kitu kidogo cha kuchezea nakisema kwa haraka, isipokuwa jambo moja. Vile vidoli vya kuimba na kuwaka taa vingi vina betri bapa ndogo kama kifungo. Mtoto akiimeza ikakwama kooni, huanza kumuunguza ndani ya saa mbili, kwa hiyo hospitali ni papo hapo, si kesho asubuhi. Mlango wa betri usipokuwa na skurubu, usinunue, hata kama ni cha 5,000 na mtoto amelala chini sokoni akilia. Kwa huyu wa miaka 2, kitu chochote kinachopita ndani ya lile bomba la karatasi ya chooni kinatosha kumkaba.

Mpira ndio zawadi ninayoipendekeza kuliko zote, kwa kuwa unachezewa na watoto kumi. Namba 3 kwa walio chini ya miaka 8, namba 4 kwa wa 8 hadi 12. Mingi hufa siku ya kwanza kwa sababu ya sindano kavu: ilowanishe kwa mate au tone la mafuta kabla ya kuichomeka, iingie wima, ama utachana valvu. Miwani ya plastiki ya Krismasi? Itanunuliwa tu, najua. Ivaliwe kwa picha kisha ivuliwe, maana kioo cheusi kisichozuia mionzi humfanya mtoto apanue mboni na kuingiza jua zaidi.

Sasa zile 20,000 za watoto wa ndugu. Mnashuka Mbale na watoto wanne wamevalia wanapendeza, na uani kwa bibi kuna wengine tisa wanatazama. Wazazi wa mjini huliona hili wakiwa wameshafika, ndipo hukimbilia duka la pale kijijini na kununua chochote kwa bei ya Krismasi, na bajeti yote iliyopangwa kwa wiki tatu inavunjika kwa dakika kumi. Beba daftari dazeni moja, kalamu na paketi ya peremende, uzikabidhi kwa bibi agawe yeye. Usigawe wewe. Akigawa bibi, hakuna shemeji atakayehesabu nani kapewa nini na nani.

Kwa mwaka ujao, 160,000 ni shilingi 4,000 kwa wiki kwa wiki 40, kuanzia Februari hadi Novemba. Ziweke kwenye kikundi, kwenye sanduku la kufuli tatu ambalo funguo zake ziko kwa watu watatu tofauti, kwa sababu za kwenye simu utazitumia Juni, usinidanganye. Na kwenye mkutano wa kwanza, kabla hata ya kuchagua mweka hazina, simama udai tarehe ya mgao iandikwe kitabuni: wiki ya mwisho ya Novemba. Kikundi kinachogawana tarehe 22 Desemba kinawapeleka wanachama wake wote sokoni siku moja, bei ikiwa juu, na wachuuzi wanajua kabisa mmetoka wapi.

Ile karatasi ya mguu usiitupe. Andika jina la mtoto na tarehe, uibandike nyuma ya mlango wa kabati, kisha mwezi wa 11 chora nyingine juu yake.