Corolla ya zamani: nipige rangi kwanza au niuze ilivyo?

Swali: Shikamoo fundi. Niko Ujiji, nina Toyota Corolla 110 yenye injini ya 5A. Nimekaa nayo miaka tisa, na sehemu kubwa ya miaka hiyo buti lilikuwa la magunia ya dagaa na chumvi ya Uvinza. Sasa nataka kuiuza. Mteja wa kwanza amefika milioni 4.5. Dalali kanizuia: anataka nipige rangi bodi nzima kwa milioni 1.6 na injini ifanyiwe ovaholi, yaani ifunguliwe yote na kufanywa upya, kwa laki 9, maana asubuhi inatoa moshi wa bluu kidogo halafu unakata. Baada ya hapo ataiuza milioni 6.5. Chini ya milango kuna kutu, ila fundi rangi anasema ataziba kwa puti na haitaonekana. Nifanye?

Jibu: Marahaba. Usifanye.

Piga hesabu kabla hatujagusa spana. Rangi milioni 1.6 na ovaholi laki 9 ni milioni 2.5. Ukiuza 6.5, inayobaki ni milioni 4, pungufu ya ile uliyoahidiwa leo bila kutoa shilingi. Hapo dalali bado hajachukua chake. Yeye hachangii chochote kwenye hiyo milioni 2.5, lakini kamisheni yake inahesabiwa kwenye 6.5. Na 6.5 yenyewe ni maneno tu, hakuna mtu aliyeiweka mezani.

Kinachoniudhi zaidi ni hilo neno "haitaonekana". Kila kiangazi magari yanapelekwa kupakwa puti juu ya kutu, na mvua zikianza mwezi wa kumi na wa kumi na moja, wenye magari wanaanza kusaka aliyewauzia. Kwa hiyo nieleze puti ni kitu gani. Ni gundi ya plastiki iliyochanganywa na unga laini wa mawe, na hukauka kwa kutiwa hadena, takriban gramu 2 kwa kila gramu 100. Kazi yake ni kusawazisha mbonyeo mdogo juu ya bati safi lililopigwa msasa hadi likang'aa, kwa unene usiozidi milimita 3 hivi. Haikutengenezwa kuziba tundu, na haizuii maji. Inayanyonya.

Hilo bati la chini ya milango ni boksi lililofungwa. Maji huingia kwa juu na kutakiwa kutoka kwenye vitundu vya chini, navyo vikizibwa na vumbi jekundu la huku kwetu, maji yanalala humo. Kwako kuna na chumvi. Chumvi huvuta unyevu hewani hata siku isiyo na mvua, na maji ya chumvi hula bati haraka kuliko maji matupu. Ndiyo maana kutu yako imeanzia ndani ikija nje. Ukiona kilengelenge cha ukubwa wa sarafu, ndani bati limeshaliwa upana wa kiganja. Fundi wa njia za mkato atakwangua juu kwa msasa namba 80, atasokota gazeti au sponji ndani ya tundu, atapaka puti, praima, rangi, na siku ya kukabidhi utafurahi. Kutu haijasimama hata siku moja. Sasa imepata na gazeti la kuhifadhia maji.

Ukarabati wa kweli ni kukata bati lote bovu hadi ufike penye chuma safi, kuchomelea kipande kipya cha unene uleule kwa mashine ya waya (moto wa gesi hupinda bati jembamba), kupaka dawa ya kutu ndani na nje, halafu puti kidogo tu kwenye maungio. Ni kazi ya siku kadhaa kwa kila upande, na kwa gari la umri huo hela yake hairudi. Kwa hiyo acha kutu ionekane. Zibua vile vitundu kwa waya, suuza ndani kwa maji mengi yasiyo na chumvi, acha gari likauke juani siku mbili milango ikiwa wazi, kisha nyunyizia oili humo ndani ili kutu isiendelee kukimbia. Fanya hivyohivyo kwenye buti, chini ya tairi la akiba, ndiko maji ya magunia yalikokuwa yakishukia. Mteja akija, muoneshe mwenyewe kabla hajauliza.

Kuna imani kwamba mnunuzi hulipia rangi mpya. Mnunuzi wa Kigoma haji peke yake, anakuja na fundi wake. Huyo fundi atagonga bodi kwa vifundo vya vidole: bati hulia, penye puti pana sauti ya kufa. Atapitisha sumaku iliyofungwa kitambaa, na pale isipong'ata atajua. Atavuta mpira wa mlango kutafuta rangi iliyorukia ndani, ataangalia boliti za boneti kama zimewahi kufunguliwa. Gari la zamani linalong'aa mwili mzima linamwambia jambo moja tu: liligongwa au limeoza. Atakata bei kwa kisichojulikana, nacho hukatwa zaidi kuliko kinachojulikana. Rangi ya kiwandani iliyopauka, yenye mikwaruzo ya kawaida, ndiyo ushahidi wako kwamba bodi halijaguswa. Ioshe, ipige polishi, basi. Ukishawishiwa hadi kubadili rangi yenyewe, umejitafutia jingine: rangi ya gari imeandikwa kwenye kadi ya usajili, na kadi isiyofanana na gari haihamishiki kirahisi.

Tuje kwenye injini. Moshi wa bluu wa asubuhi unaokata baada ya dakika chache kwa kawaida ni oili sili za vali, vile vimpira vinavyozuia oili isishuke kwenye silinda. Oili huchuruzika usiku kucha kupitia sili zilizokakamaa, ikawaka unapowasha. Ringi zilizokwisha, yaani zile pete za pistoni, hutoa moshi ukikanyaga mafuta barabarani, injini ikiwa imeshapata moto, na hupunguza oili kila wiki. Usikubali ovaholi ya mtu ambaye hajapima.

Kipimo hakichukui saa nzima. Injini ipate moto wa kawaida, toa plagi zote nne, chomoa umeme wa plagi na wa mafuta, kanyaga akseleta hadi mwisho, piga starta huku geji ya kompresheni ikiwa kwenye silinda moja baada ya nyingine. Injini ya 5A iliyo nzima husoma karibu paundi 190 kwa inchi ya mraba. Ikianguka chini ya 140 imechoka. Silinda moja ikiwa chini kuliko wenzake, mimina kijiko cha oili kupitia tundu la plagi upime tena. Kipimo kikipanda, tatizo ni ringi. Kisipopanda, ni vali au gasketi ya silinda hedi, kile kichwa cha juu cha injini. Zikitoka namba nzuri, ziandike zote nne kwenye karatasi na tarehe, mpe mnunuzi. Karatasi hiyo inauza kuliko rangi. Sili ziko 16, na fundi mwenye kifaa cha kuzibadili bila kushusha silinda hedi anaweza kukufanyia. Asiyenacho usimruhusu afungue.

Ovaholi ya laki 9 ya kuharakisha mauzo mara nyingi ni kubadili ringi bila kupima silinda. Ringi mpya ndani ya silinda iliyolika huendelea kupitisha oili. Hata ikifanywa vizuri, injini inahitaji kilomita kama 1,000 za kuendeshwa taratibu ili ringi zikae, na wewe utakuwa umeshaliuza kwa mtu asiyejua hilo, ambaye wiki hiyohiyo atalijaza mizigo na kupandisha nalo Kasulu.

Hela za kutumia mimi nisingezivusha laki 3. Oili lita 3 na filta yake. Plagi. Balbu zote ziwake, pamoja na ya namba. Breki pedi kama zimeisha, na linki za stabiliza kama zinagonga kwenye matuta, kwa sababu mlio huo mnunuzi huusikia mita 50 za kwanza. Buti lioshwe harufu ya dagaa itoke kabisa. Halafu kadi: kama bado ina jina la aliyekuuzia wewe, shughulikia TRA (mamlaka ya mapato) kabla ya lolote. Hilo linakimbiza wateja kuliko kutu. Na kama injini iliwahi kubadilishwa kwa ya mtumba, hakikisha namba yake ndiyo iliyo kwenye kadi.

Baada ya hapo taja milioni 5, na usimwache huyo wa 4.5 akasahau simu yako.

Hili la kwako la kuficha ubovu lina ndugu zake, na ni hatari zaidi. Kuna wanaojaza oili nzito kupita kiasi ili moshi ujifiche kwa siku ya majaribio. Kuna wanaotia dawa ya kuziba rejeta, ambayo huziba pia njia nyembamba za maji zilizokuwa nzima. Injini inachemka mlimani na silinda hedi ya alumini inapinda. Inatosha ipinde zaidi ya sehemu 5 za mia za milimita, gasketi haikai tena. Na wanaofukia kwa puti penye shokapu au pale jeki inapokaa wanacheza na roho za watu. Boksi la chini ya milango ni sehemu ya mifupa ya gari: likigongwa ubavuni, hilo ndilo linalobaki kati ya abiria na bampa la gari lililogonga. Mtu anayelifukia kwa gazeti asiitwe fundi.

Kwa hiyo nanyi mnaonunua, piga magoti muangalie chini kabla hamjatazama rangi. Weka jeki mahali pake na unyanyue kidogo: bati likibonyea, ondoka. Kisha washa ufunguo bila kuwasha injini. Taa ya injini, ya oili, ya breki, na ya mifuko ya hewa kama gari linayo, zote lazima ziwake. Ya mifuko ya hewa kwenye Toyota huzima yenyewe baada ya sekunde 6 hivi. Ya injini na ya oili huzima injini ikishanguruma. Taa isiyowaka kabisa huenda imeng'olewa balbu, na aliyeing'oa anajua ilikuwa ikisema nini.